Wanane, Siyo Tisa

Lubunga, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Monsieur Hubert, mukubwa wa Mto Leo,

Hunijui. Miye ni Berthe, nauzisha kwanga, mikate ya muhogo, ku soko ya Lubunga, karibu na gare. Ijumaa nilivuka mto mupaka ku bureau yenu, mutu wako wa mulango akaniambia communiqué, ni kusema tangazo, haipokelewi kwa mudomo, lazima barua, na tarehe, na signature. Bon. Nimepasua karatasi mu daftari ya mutoto, barua njo hii.

Nataka mutie picha ya bwana yangu mu téléphone, kule watu wote wanasoma habari zenu. Anaitwa Nicolas. Iko na miaka makumi ine na mbili, mutu murefu, zamani alikuwa mutumishi wa chemin de fer. Tangu treni zimekuwa za kupita kwa bahati tu, anasindikiza vitu vya wachuuzi mu baleinière, zile mashua kubwa za mbao. Tarehe 28 ya mwezi wa tatu alipanda kwenda Opala. Alisema siku kumi na mbili. Leo ni siku ya makumi tatu na tisa.

Najua unawaza nini. Unawaza ile baleinière yenye ilizama ku mto Lomami. Miye pia niliwaza. Siku ile habari ilitoka nilikimbia kwa jirani yangu Solange, mwenye iko na téléphone ya kioo, nikamuambia asome majina ya wafu pole pole. Alisoma tisa. Nicolas hakukuwa ndani. Nikamuomba asome tena. Siku ya kufuata alifungua tena, ile tisa ilishakuwa wanane, jina moja limetoka, habari mu quartier ni kwamba mwenyewe iko muzima. Nikasema hawa watu wa Mto Leo wanahesabu vizuri, hata mumoja hapotei. Nilipiga magoti pale pale kwa Solange, nikalia kwa furaha.

Sasa siku zinapita na téléphone yake haiiti. Mama moja mwenye alitoka Opala aliniambia kama Nicolas akifika kule anakula kwa mwanamuke anaitwa Aziza, mupishi wa samaki ku beach, kule mashua zinafunga. Alisema vile akicheka. Donc nimeelewa. Bwana yangu iko na deuxième bureau, bibi wa inje, na amehamia ku bureau ile mazima mazima, na miye naketi huku na watoto watatu nachungulia mto kama mujinga.

Muandike, papa. Muandike kwa herufi kubwa. Apate haya mbele ya jimbo muzima la Tshopo.

Berthe, bibi yake ya kanisa

*

Kisangani, Makiso, 9 Mei 2024

Mama Berthe,

Barua yako imefika, na tangazo limetoka leo saa nne asubuhi pamoja na picha. Tumeandika hivi: "Nicolas, msindikizaji wa mizigo, mkaaji wa Lubunga, ameitelekeza jamaa yake na kukimbilia Opala kwa mwanamke mwingine. Yeyote atakayemwona amkumbushe kwamba ana watoto watatu." Ninapokuandikia, watu mia nne wamekwisha kulisambaza.

Kwa kawaida habari ya nyumba ya mtu hatuitoi kabla ya kusikia upande wa pili. Lakini simu yake haipatikani kweli, nimejaribu mwenyewe, na barua yako nimeisoma mara mbili nikakuonea uchungu. Wanaume kama hao wapo wengi katika mji huu, na mara nyingi hakuna anayewauliza neno.

Nakushukuru pia kwa ulilosema juu ya orodha ya wafu. Sisi ni wadogo, watu watatu, kompyuta mbili na jenereta inayokohoa, lakini kosa likijulikana kwetu halilali. Yule bwana alipokuja ofisini kusema yu hai, tulitoa jina lake na kurekebisha hesabu ndani ya saa moja. Wenzetu wengine wa mjini hadi leo wanaandika tisa.

Jambo moja tu, kwa ajili ya dosie yetu, yaani faili, maana kila tangazo tunaliwekea dosie. Mizigo aliyokuwa akiisindikiza Nicolas ilikuwa ya nani? Nijibu ukipata nafasi, si haraka.

Hubert, mhariri mkuu

*

Lubunga, tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Papa Hubert,

Mungu akubariki. Ku soko watu wanapita wananiangalia, wengine wananihurumia, wengine wanacheka, na miye nasema wacheke, siyo miye nilikimbia. Solange ananisomea maneno yenye watu wanaandika chini ya picha. Mumoja ameandika kama sura ile ya Nicolas ni sura ya mutu wa kudanganya. Miaka kumi na saba nililala pembeni ya ile sura na sikuona.

Nikuambie yenye nimefanya, juu wewe umekuwa kama ndugu. Mashati yake nimegawa. Viatu vya kazi nimepatia kaka ya Solange. Watoto nimewaketisha chini wote watatu, nikawaambia wazi: papa yenu ametuacha, amechagua mwanamuke wa samaki, musimulilie tena. Benie, mutoto wa mwisho, iko na miaka sita, aliniuliza kama papa atarudi akimaliza kukasirika. Nikamuambia papa hakasiriki, papa iko anakula vizuri. Nikamuonyesha picha mu téléphone ya Solange, na Solange akamusomea maneno yote, juu asadiki.

Na jumapili kanisa lilifanya misa ya wale wanane. Nilienda nimevaa liputa, kitenge cha maua mekundu. Wamama wenye wamefiwa waliketi mbele na vitambaa vyeupe ku kichwa, na miye, roho ikiniwaka, niliwaambia kule inje: heri yenu, nyiye munajua wenu wamelala wapi. Niliwaambia afadhali wangu angekufa mu maji kuliko hii haya. Nilisema vile mbele ya watu na sijutii.

Umeniuliza vitu vilikuwa vya nani. Vilikuwa vya Papa Savon wa Mangobo. Jina lake ya kweli sijui, Nicolas alimuita vile siku zote juu anauzisha savon, ni kusema sabuni. Nilienda kwake kumuuliza, nyumba imefungwa, majirani wanasema amesafiri Kindu.

Berthe

*

Kisangani, 16 Mei 2024

Bwana Yusufu Hemedi,

Simu yangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa binamu yako anayepanda ndege kesho kwenda Kindu. Mimi ni Hubert wa Mto Leo. Unanikumbuka: tarehe 11 Aprili uliingia ofisini kwetu ukiwa na jasho mpaka kwenye viatu, ukapiga meza, ukasema mkeo Aïcha amekwisha kuvaa nguo za eda na mashekhe wako nyumbani kwako wanasoma, nawe u mzima. Tulikuomba radhi. Tulikupa maji. Jina lako tulilitoa ukiwa umesimama nyuma yangu, na "tisa" nikaibadilisha mwenyewe kuwa "wanane."

Swali ambalo nilipaswa kukuuliza siku ile nakuuliza leo. Kijijini kule chini ya Opala walizika watu tisa. Picha ya makaburi tunayo, nimeihesabu tena jana na leo. Jina lako lilikuwa kwenye orodha ya baleinière, na wewe hukusafiri. Nani alisafiri?

Naambiwa mtaani kwako wanakuita Papa Savon. Nina hofu kwamba jibu ninalo tayari. Nijibu, tafadhali, hata kwa neno moja.

Hubert

*

Lubunga, tarehe 27 mwezi wa tano 2024

Monsieur Hubert,

Jana Solange ametafuta communiqué yangu, haiko. Picha haiko, maneno hayako, mahali pake mumetia habari ya mupira. Sababu gani? Hamukuniita, hamukuniandikia, mumefuta tu kama mutu anafuta meza.

Nilikaa nikawaza, na nimeona njia moja tu. Nicolas amekupigia téléphone. Nyiye wanaume munaelewana. Amekuambia maneno yake matamu na wewe umemuonea huruma, na miye umenitupa. Kama ni vile, basi uniambie amesema nini. Sikatai kusikia. Aliuliza watoto? Aliuliza hata Benie?

Unaona vile ninavyokuwa mujinga. Nimeanza barua hii na hasira, na sasa nakuomba unipe sauti yake.

Berthe

*

Kisangani, 28 Mei 2024

Mama Berthe,

Hapana, hajanipigia. Tangazo limeondoka kwa sababu ya hitilafu ya mitambo. Fundi anashughulikia. Vumilia kidogo, nitakuandikia.

Hubert

*

Kindu, tarehe 4 mwezi wa sita 2024

Bwana Hubert,

Asalaam aleikum. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Aïcha njo ameniambia kama leo nisipoandika, kesho atakuandikia yeye.

Ni Nicolas. Wewe ni mutu wa bureau, hujui mambo ya beach, acha nikueleze. Siku ya kupakia, karani wa baleinière anaandika ku manifeste, ile orodha ya chombo, jina la mwenye vitu. Mwenye kusindikiza haandikwi. Hana tiketi, analala juu ya magunia, kwao ni sehemu ya muzigo. Sisi wachuuzi wote tunajua vile, imekuwa hivi tangu wakati wa papa yangu. Wakati chombo kilizama, karani alisoma karatasi yake ku phonie, ile redio ya kuitana, na nyiye mukaandika wenye vitu kuwa wafu. Wale wanane wengine walipanda wenyewe na vitu vyao. Miye peke yangu nilitia mutu.

Uliniomba radhi siku ile na nilikubali, na nilijua. Nataka ujue kama nilijua. Nilikuja kwako juu ya bibi yangu aache kulia, basi. Wakati uliandika wanane, nilitaka kukuambia "lakini", na neno halikutoka. Nilikuwa nimetoka kuwa maiti asubuhi ile. Watu walikuwa wananishika mikono mu njia wanasema Yusufu, Mungu amekurudisha. Sikutaka kuwaambia ni nani alilala pahali pangu.

Nikasema kesho nitavuka Lubunga kwa bibi ya Nicolas. Kesho ikawa juma. Kisha niliogopa: jamaa yake watakuja kwangu kuuliza maiti yao, watasema miye nilimutuma. Ni kweli nilimutuma. Nikapanda ndege. Huku Kindu, mutoto ya kaka yangu alinionyesha lile tangazo lenu, kama Nicolas amekimbilia mwanamuke. Bwana Hubert, Nicolas alikuwa anakula kwa Aziza juu miye nilimuambia ale kule. Aziza ni dada ya mama yangu, muzee wa miaka makumi saba.

Mufanyie bibi yake haki. Nitarudi na nitapiga magoti mbele yake, akikubali kuniona.

Yusufu Hemedi

*

Kisangani, 10 Juni 2024

Mama Berthe,

Kabla ya kuisoma barua hii, mwite Solange akae nawe. Kama yupo, soma.

Nicolas hakukukimbia. Amekufa. Alikufa tarehe 8 Aprili katika baleinière iliyozama kwenye Lomami, akiwa anarudi nyumbani. Ilikuwa siku ya kumi na moja, na alikuwa amekuahidi kumi na mbili.

Jina ambalo tulilitoa kwenye orodha lilikuwa la Yusufu Hemedi, huyo unayemwita Papa Savon. Kwenye karatasi ya chombo waliandika mwenye mizigo, na aliyeisindikiza hawakumwandika. Yusufu alipokuja kwetu akiwa mzima, nilifurahi kupata kosa lililo rahisi kusahihisha. Nilitoa jina na sikuuliza maiti ni ya nani. Walizikwa tisa, nami nikaandika wanane, nikakuandikia nikijisifu kwamba sisi tunahesabu.

Sikutaka kukuletea tena neno lisilo na hakika. Juzi nilizungumza kwa phonie na kapita, mkubwa wa kile kijiji, mara mbili, ili nisikosee. Alisema wa tisa alikuwa mtu mrefu, mwenye alama ya kuungua juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, na suruali ya bluu ya kazi yenye mifuko ya pembeni. Waliwangojea ndugu zake siku tatu, hakuna aliyekuja kumuulizia, wakamzika upande wa juu, mbali na maji. Wamama wa pale walimwimbia. Kapita alisema aliandika kwenye mbao "mtu wa Kisangani." Kama alama hiyo siyo ya Nicolas, uniambie upesi. Lakini naamini ni yeye.

Sasa mambo yangu mwenyewe. Hakuna hitilafu ya mitambo iliyotokea. Nilielewa siku niliposoma neno Papa Savon katika barua yako, na nililiondoa tangazo kwa mkono wangu, kimya, kama tunavyofanya siku zote. Kwetu kosa linafutwa na msomaji anakuta ukurasa safi. Nilikuwa naita hiyo kazi nzuri. Wewe uliniuliza kama ameuliza habari za Benie, nami nikakujibu habari ya fundi. Siku kumi na tatu nimekuacha umchukie mtu asiyekuwa na kosa, kwa sababu niliogopa barua utakayoniandikia.

Sahihisho sijaliweka bado. Safari hii sitagusa hata nukta kabla hujaniambia unataka yaandikwe maneno gani. Naona aibu, mama, na nina huzuni ambayo sina haki ya kukulilia nayo.

Hubert

*

Lubunga, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Hubert,

Ile alama ya kuungua ni yake. Ni mafuta ya mawese ya sufuria yangu, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, alikuwa anapita nyuma yangu ananitania, nikageuka. Hakuna haja ya kuuliza tena.

Barua yako ilifika tarehe 12. Nilifanya matanga siku tatu bila maiti. Wale wamama wa vitambaa vyeupe walikuja wote, hata mumoja hakubakia. Waliketi chini pamoja na miye, walinishika, na hawakunikumbusha yale maneno niliwatupia inje ya kanisa. Ningependa wangenikumbusha. Juu miye nayasikia. Nilisema afadhali angekufa mu maji, na alikuwa amekwisha kufa mu maji, juma tano, njiani kuja kwangu. Nimelia bwana yangu, na nikimaliza kumulilia naanza kulia mudomo yangu.

Kaka ya Solange alirudisha viatu. Nikamuambia avae tu, Nicolas hangemunyima.

Papa Savon alikuja jana na bibi yake. Alipiga magoti kweli. Sikumutukana, nguvu haikuwa. Nilimuuliza kitu kimoja, kama siku ya kutoka Nicolas alikuwa na furaha. Alisema ndiyo, alikuwa anaimba akipakia. Aïcha alibakia nyuma, akaosha vyombo vyote vya matanga. Juma lenye kuja tutaenda sisi watatu mupaka ku kile kijiji, na padiri, na mbao yenye jina.

Sasa sahihisho. Umeniuliza maneno, maneno njo haya. Usifute. Ile orodha ya tisa uirudishe vile ilikuwa, na ile ya wanane uiache pembeni yake, na communiqué yangu uirudishe na picha yake na matusi yote ya watu chini. Kisha pale juu, kwa herufi zilezile kubwa zenye nilikuomba, uandike: Walikufa tisa. Wa tisa ni Nicolas, alikuwa anarudi nyumbani kwake. Mto Leo iliandika kama amekimbia, na Mto Leo ilikosa. Bibi yake alisema kama amekimbia, na bibi yake alikosa. Jina langu utie. Usinifiche. Kama kosa langu halionekani, watu watasema ni jamaa ya marehemu wametunga maneno ya kumupamba.

Kitu cha mwisho, na kwa kitu hiki siombi, nakuambia. Wakubwa wawili wameelewa. Benie hapana. Nimemuambia mara nyingi kama papa amekufa, papa hakutuacha, mama alidanganyika. Wakati wa matanga watu wote wanalia, yeye aliketi ku mulango na macho makavu, akamuambia kila mutu mwenye kuingia kama papa yake iko Opala, anakula vizuri, hatutaki tena. Akiulizwa nani alimuambia, anasema mama, na tena iliandikwa mu téléphone, yeye aliiona.

Donc utavuka mto. Utakuja wewe mwenyewe Lubunga, mutu mwenye kuandika mu téléphone, uketi chini mbele ya mutoto wa miaka sita, umusomee sahihisho yako neno kwa neno. Miye hanisadiki tena.

Berthe, mujane wa Nicolas